Mpagani sio mtu asiyeamini kitu

Juzi tena nimesikia mtu anamsema jirani yake, "yule mpagani tu, haamini chochote," na wenzake wote wanaitikia kwa kichwa, nikaona hapana, hili neno tuliweke sawa.

Upagani ni jina ambalo Wakristo walizipa dini zilizokuwa nje ya Ukristo na Uyahudi, hasa za kuabudu miungu mingi. Maana ndo hiyo, haina mambo mengi. Utamu upo lilikotoka.

Ni Kilatini, paganus, kutoka pagus, yaani eneo la mashambani. Kwa hiyo paganus mwanzoni ni mtu wa shamba tu, dini haimo kabisa. Halafu wanajeshi wa Roma wakalichukua wakawa wanamwita hivyo yeyote asiye mwanajeshi, kama vile askari anavyotamka "raia" na ukisikia ile sauti unajua hujasifiwa. Karne ya 4 ndo linaingia kwenye imani, na hapo wasomi wanabishana, wengine wanasema ni kwa vile watu wa mashambani walichelewa kuacha miungu yao, wengine wanasema ni ile ya jeshini, Mkristo ni askari wa Kristo na aliyebaki nje ni raia. Vyovyote iwavyo lilikuwa jina la kubandikwa, hakuna aliyeamka asubuhi akaenda hekaluni kwa Jupiter, mungu mkuu wa Waroma, akisema mimi mpagani naenda kusali. Sisi wenyewe Kiswahili tumefanya hivyo hivyo na mshenzi, zamani watu wa pwani walimwita hivyo mtu wa bara asiye Mwislamu, leo limebaki tusi tupu.

Sasa kinachoniuma ni hilo la "haamini chochote". Wapagani wa Roma walikuwa na mahekalu, makuhani, sadaka, sikukuu kibao, na wao ndo waliowaita Wakristo wakanamungu, kwa sababu walikataa kuitolea sadaka miungu ya mji! Karne ya 2 pale Smirna, mji ambao leo ni Izmir huko Uturuki, askofu Polikarpo, mzee wa miaka 80 na zaidi, amesimamishwa mbele ya liwali kwenye uwanja uliojaa watu, anaambiwa sema "waondoke wakanamungu", yaani awakane Wakristo wenzake. Mzee akawatazama wale wapagani waliojaa uwanjani, akawapungia mkono, akashusha pumzi, akasema: waondoke wakanamungu. Neno lile lile, limegeuzwa tu upande.

Kwa hiyo asiyeamini kuwa Mungu yupo huyo ni mkanamungu, na asiye na dini sema tu hana dini, inatosha, hakuna tusi hapo. Uchawi ni habari nyingine kabisa, usiuchanganye humu. Na kama jirani yako anatambikia mizimu ya wazee wake basi anaamini, tena pengine sana, ila haombi kama unavyoomba wewe.