Je, wajua kwa nini punda aliyeanza kula bado hafai kubeba maji?

Waulize wafuga punda wa Chamwino, Bahi au Kongwa, mkoani Dodoma, watajuaje kama punda amepona mafua, na wengi watakujibu: ameanza kula. Kesho yake anafungwa madumu manne ya lita 20 na kupelekwa kisimani. Akirudi amebeba kilo 80 za maji.

Lakini kula hakusemi lolote kuhusu mapafu. Homa ndiyo huondoa hamu ya chakula, basi ikishuka hamu hurudi upesi, hata kama kifua bado ni kibovu. Tena punda ni bingwa wa kuficha maumivu. Farasi akisokotwa na tumbo hugaagaa chini. Punda mwenye shida ileile huenda akasimama tu kimya, na pengine akaendelea kutafuna. Hata kipimajoto hupotosha ukitumia viwango vya farasi: nyuzi 38.3 ni kawaida kwa farasi, ila punda mzima huwa kati ya 36.5 na 37.8. Wapo pia wanaosema afanye kazi atoke jasho, ugonjwa utoke nalo. Jasho hupoza mwili. Virusi havitoki nalo.

Kinachochelewa kupona ni utando wa ndani wa njia ya hewa. Umejaa vinyweleo vidogo mno, visivyoonekana bila hadubini, vinavyopiga kuelekea juu usiku na mchana. Ndivyo vinavyopandisha kohozi, pamoja na vumbi na bakteria walionaswa humo, hadi kooni likamezwa. Fikiria watu waliojipanga ndani ya kisima kirefu kilichochimbwa kwenye mchanga wa mto uliokauka, wakipokezana ndoo kutoka chini hadi juu. Watatu wa katikati wakiondoka, wa chini bado wana nguvu na wa juu wamenyoosha mikono, ila ndoo zinalundikana. Virusi vya mafua huziua seli zenye vinyweleo hivyo, na mstari unakatika. Seli mpya huota, lakini huchukua kama wiki 3 hivi. Muda wote huo mnyama anaonekana mzima kabisa kwa macho, huku bakteria wakibaki pale walipotua.

Sasa mbebeshe mzigo. Anavuta hewa nyingi zaidi na kuivuta kwa nguvu, na hewa ya njia za Dodoma mwezi Agosti ni vumbi. Hapo ndipo nimonia inapopata nafasi. Mafua ya farasi yalipoenea Afrika Magharibi mwaka 2019, punda walikufa kwa maelfu.

Madaktari wa farasi wana kanuni: wiki moja ya mapumziko kwa kila siku ya homa, na zisipungue wiki 3. Kanuni hiyo imetokana zaidi na farasi wa michezo, wanaokimbia kuliko punda wa mizigo, kwa hiyo ichukuliwe kama mwongozo. Wala haihusu kila homa. Punda aliyeambukizwa na mbung'o hupungukiwa damu. Huyo anahitaji dawa ya afisa mifugo kwanza.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba kichwa chenyewe ni sehemu ya tiba. Farasi aliyefungwa kichwa juu kwa siku nzima hulimbikiza kohozi na bakteria kwenye njia ya hewa. Akiinama kula, kohozi huteremka kuelekea puani. Basi usimfunge punda kwa kamba fupi. Mabua na pumba viwekwe chini, na vinyunyiziwe maji ili visitoe vumbi. Akikataa chakula kabisa, mwite afisa mifugo siku hiyohiyo, kwa sababu punda asiyekula hujaza mafuta kwenye damu na ini, na hali hiyo huua.

Wakati wa kumrudisha kazini ukifika, aanze kwa kutembea bila mzigo, asubuhi kabla ya jua kali, kisha madumu mawili. Mtazame ubavu akiwa ametulia: pumzi 12 hadi 28 kwa dakika ni sawa. Akikohoa njiani, mshushe mzigo palepale na umrudishe kwenye mapumziko.

Maji ya nyumbani hayangoji, najua. Kuazima punda wa jirani ni njia nzuri, ila asifungwe karibu na mgonjwa wala wasinywe kwenye ndoo moja, maana mafua haya huruka kwa kikohozi.