Hadithi za mfululizo: yanayosemwa na yaliyomo vitabuni

Ukitaka kuwatoa wasomaji usingizini, uliza swali moja tu: kati ya Bwana Msa, Willy Gamba na Joram Kiango, wapelelezi wa riwaya za Kiswahili, nani mkali? Hapo hata aliyekuwa kimya tangu asubuhi atavuta kiti. Mimi ni wa Bwana Msa, sifichi. Lakini katika ubishi huo kuna maneno yamerudiwa mpaka yakaonekana kweli, na mengine hutoka kwa watu ambao safari yao iliishia kwenye jalada.

"Vile ni vitabu vya uchawi na mizimu"

Hili ndilo huniudhi kuliko yote, na chanzo chake ni majina. Muhammed Said Abdulla, mtunzi wa Bwana Msa na mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, kitabu chake cha kwanza alikiita Mzimu wa Watu wa Kale (1960). Baadaye akatoa Kisima cha Giningi (1968). Mtu wa pwani akisikia Giningi hahitaji kuelezwa, anajua ndiko wanakosemwa wachawi kukusanyika usiku. Basi anasoma jina, yaliyobaki anayajaza mwenyewe.

Ndani mambo ni kinyume. Maiti inakutwa mzimuni, watu wanaanza kunong'ona habari za wasioonekana, na Bwana Msa na kiko chake anashughulika na wanaoonekana: nani alikuwa wapi, nani atafaidika, nani leo kabadili alichokisema jana. Uchawi humo ni pazia, na nyuma ya pazia yupo mtu mwenye miguu miwili. Ninachokipenda ni kwamba mwandishi hamcheki anayeogopa. Anaijua hofu ile kwa sababu amekulia ndani yake, kwa hiyo anakuacha uogope kwanza, kisha ndipo anawasha taa. Ukikimbia kitabu kwa sababu ya jina lake, umefanya vilevile muuaji alivyotaka watu wafanye.

"Ni kuiga Wazungu tu"

Nusu ya hili ni kweli, tusibishane bure. Kiko kile kina harufu ya London, na Najum, anayemfuata Bwana Msa huku akipigwa na butwaa, ana undugu wa karibu na Dk. Watson, rafiki na msaidizi wa mpelelezi Sherlock Holmes. Lakini kuazima chungu si kuazima mchuzi.

Mtazame Willy Gamba, ambaye kila mtu humwita James Bond wetu. Bond anamtumikia Malkia wa Uingereza. Elvis Musiba alipotoa Kufa na Kupona mwaka 1974, mpelelezi wake alikuwa upande wa wapigania uhuru. Mwaka ule Msumbiji na Angola zilikuwa bado hazijapata uhuru kutoka kwa Wareno, na Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam. Kwa msomaji wa Kariakoo, siri za wapigania uhuru hazikuwa jambo la kubuni la nchi ya mbali. Wenyewe walikuwa wanaishi mji mmoja naye, pengine wamepanda naye basi moja. Hofu ya kwamba adui ana macho mjini ilikuwa ya kwake. Bond hawezi kukupa hiyo, hata akirukia treni ngapi.

Kuna kinachoweza kulaumiwa kwa Musiba. Wanawake wake wengi ni warembo kwanza, watu baadaye. Hilo nalikubali, na hapo ndipo namwona Bond kweli.

"Si fasihi"

Wanaosoma Kiswahili chuoni wanayo majina mawili: riwaya dhati, yaani zile nzito, na riwaya pendwa, yaani za kusisimua kama hizi za wapelelezi. Sijui kwa nini kupendwa kukawa kasoro. Mzimu wa Watu wa Kale ulishika nafasi ya kwanza katika shindano la uandishi la East African Literature Bureau la 1957–58 kabla haujawa kitabu, maana yake waamuzi walioutazama kama kazi ya uandishi waliona kitu.

Nilipokuwa sekondari, mwalimu mmoja alininyang'anya kitabu cha Joram Kiango nikiwa nimekibana chini ya dawati. Alilihutubia darasa zima kuhusu takataka zinazoharibu akili. Wiki iliyofuata nikamkuta chini ya mwembe nyuma ya ofisi, miwani imeshuka puani, kidole kimebana ukurasa. Alinirudishia siku nne baadaye, bila hotuba.

"Kiswahili hakina hadithi za dunia za kubuni"

Husemwa na vijana walioanza kusoma kwa hadithi za wachawi wa Kiingereza na mazimwi, na siwalaumu sana, kwa sababu shule hufundisha Kusadikika kama dawa ya kumeza. Kifungue tena. Shaaban Robert, 1951: nchi inayoelea angani. Karama anashitakiwa kwa kutaka kuanzisha mafunzo ya uanasheria, na katika kujitetea anasimulia habari za wajumbe waliotumwa pande sita, yaani mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini, wakarudi na mambo mema na wakatupwa gerezani. Angekitoa mwandishi wa leo kikiwa na jalada la buluu lenye mawingu, mngekipigania.

Halafu kuna Katama Mkangi, Mkenya, na Walenisi yake ya 1995. Dzombo anahukumiwa, anarushwa na chombo angani, anatua kwenye nchi yenye jina ambalo ukilitamka polepole linajifungua lenyewe: wale ni sisi. Uhaba upo, hasa wa mifululizo. Vitabu hivi viwili kila kimoja kinasimama peke yake. Ila uhaba si sawa na kutokuwepo.

"Hadithi za vijana ni za watoto"

Kitabu cha kwanza cha Harry Potter kilitoka Uingereza mwaka 1997. Mwaka uliofuata tu mchapishaji alitoa toleo lenye jalada la watu wazima, ili mtu asione haya kukifungua ndani ya treni. Maneno ndani ni yaleyale. Mwaka 2000 gazeti la New York Times likaanzisha orodha ya pekee ya vitabu vya watoto vinavyouzwa sana, kwa sababu Potter alikuwa amekalia nafasi za juu kwenye orodha ya wakubwa. Watoto peke yao hawana pesa hizo.

"Lazima uanze na cha kwanza"

Inategemea. Kuna mfululizo ambao ni hadithi moja ndefu iliyokatwa vipande, na huo ukiuanzia katikati utajuta. Kuna mwingine ambao mhusika ni yuleyule lakini kisa ni kipya kila mara, na Bwana Msa ni wa aina hii. Mimi nilianza na Siri ya Sifuri na sikupungukiwa na kitu. Hata waandishi wenyewe hawafuati mstari: C. S. Lewis alieleza mwanzo wa Narnia, nchi yake ya kubuni, katika kitabu kilichotoka 1955, miaka mitano baada ya kile kilichotangulia kuchapishwa. Arthur Conan Doyle naye alimuua Holmes wake mwaka 1893, kisha akamrudisha. Na katika kitabu kimoja Watson ana jeraha la risasi begani, katika kingine liko mguuni. Mwenye mfululizo mwenyewe hakuwa akirudi nyuma kukagua.

"Ukishaambiwa mwisho, kitabu kimekufa"

Mwaka 2011 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, waliwapa watu hadithi fupi, za upelelezi zikiwemo, na baadhi yao wakaambiwa mwisho mapema. Kwa wastani walioambiwa walizifurahia zaidi kidogo. Mimi nilicheka niliposoma hayo, kwa sababu nilikuwa na ushahidi wangu.

Nakala yangu ya kwanza ya Bwana Msa ilikuwa ya mtumba, imevalishwa gazeti, na majani ya mwisho hayapo. Nilisoma mpaka kwenye maneno "basi aliyefanya hivyo" na hapo karatasi ikakatika. Nilizunguka mtaani kama niliyepotelewa na mbuzi. Mwishowe rafiki yangu mmoja, kwa majivuno, akanitajia muuaji. Nilimkasirikia wiki nzima kwa kunimalizia utamu.

Miaka mingi baadaye nilipata nakala kamili. Nilisoma taratibu, nikimkodolea macho yule niliyeambiwa, nikiona kila anachofanya kinanuka damu. Nilifurahi ajabu, najiona mjanja kuliko Najum. Nikafika kwenye karatasi ile, nikaifunua. Hakuwa yeye. Nilipomtafuta rafiki yangu nimshitaki, alikiri: hata nakala yake ilikuwa imechanika, palepale.