Je, wajua kwa nini mwenye baridi yabisi huweza kumeza vidonge vya damu miezi mitatu na damu isipande?

Shangazi yangu wa Bombo, hapa Uganda, hawezi kufungua kopo la dawa. Vile vifuniko vya kubonyeza huku unazungusha vilimshinda tangu vidole vianze kukakamaa, kwa hiyo vidonge vyake vyekundu vya chuma, vya kuongeza damu, alivimimina kwenye kikombe cha kahawa na kukiweka juu ya kabati. Kila asubuhi anachota kimoja. Alipoanza, kipimo cha damu yake kilisoma 9.4, chini ya 12 inayotakiwa. Baada ya miezi mitatu bila kuruka hata siku moja akapima tena: 9.3.

Kila mtu nyumbani akawa daktari. Mjomba alisema dawa ni feki. Jirani alileta juisi ya biti, maana katika mtaa ule chochote chekundu kinaongeza damu. Mimi nilimshuku mgonjwa mwenyewe, nikadhani anavitupa. Sote tulikosea. Vidonge vilikuwa halali na alikuwa akivimeza. Chuma kilikuwa kikifika mlangoni na kukuta pamefungwa.

Baridi yabisi ni jina pana. Kwetu Uganda mtu akiumwa goti kwa uzee ataliita hivyo, na akiumwa kiuno kwa kubeba magunia ataliita hivyohivyo. Hapa nazungumzia ile aina ambayo madaktari huiita rumatoidi, na baridi ya hewa haina hatia ndani yake. Ni kinga ya mwili iliyopotea njia, ikaanza kushambulia utando laini ulio ndani ya viungo. Mara nyingi huanzia kwenye vidole na viganja, mkono wa kulia na wa kushoto kwa pamoja, na kila asubuhi mikono hukakamaa kwa saa nzima au zaidi kabla ya kulegea. Wanawake huugua mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume. Viungo huwaka, huvimba na kuuma, hali inayoitwa mchochota. Tatizo ni kwamba moto huo haubaki kwenye vidole. Habari zake husambaa mwili mzima kupitia damu, na anayezipokea kwa hofu kubwa ni ini.

Ili uone ini linafanya nini, fikiria Kikuubo, ule uchochoro wa maduka ya jumla katikati ya Kampala. Siku ya kawaida huwezi kupita: magunia ya sukari, katoni za sabuni, vijana wa kubeba mizigo wakipiga kelele upishe. Sasa moshi wa mabomu ya machozi uonekane mtaa wa pili. Dakika tano tu, milango yote ya chuma imeteremshwa. Bidhaa hazijaisha. Ziko ndani, zimejaa hadi darini, ila mnunuzi aliye nje hapati hata mche mmoja wa sabuni. Na hata lori jingine likifika kutoka mpakani Busia limejaa mzigo, halishushi chochote. Linabaki barabarani na kuongeza msongamano.

Mwili hufanya hivyohivyo, na una sababu. Bakteria wengi wanahitaji chuma ili wazaliane. Mwili ukihisi vita, huficha chuma chake adui asikipate. Viungo vinapowaka, seli za kinga hutoa kemikali za kutangaza hatari, mojawapo ikiitwa intalukini-6. Ini likisikia tangazo hilo linatengeneza homoni ndogo iitwayo hepsidini. Wanasayansi waliitambua mwaka 2000 na 2001, na jina lake limeundwa kutokana na ini na kuua, kwa sababu mwanzoni ilionekana kama silaha ya kuulia vijidudu. Mwaka 2004 ndipo kazi yake kubwa ilipoeleweka: hepsidini hung'ang'ania mlango pekee ambao chuma hutumia kutoka ndani ya seli kuingia kwenye damu, uitwao feropotini, na kuufanya ubomolewe.

Milango hiyo ipo sehemu mbili muhimu. Ya kwanza ni kwenye seli za utumbo, ambako chuma cha chakula na cha vidonge huingilia. Ya pili ni kwenye seli walaji za wengu na ini, ambazo humeza chembe nyekundu zilizozeeka (chembe moja huishi siku 120 hivi) na kurudisha chuma chake kitumike tena. Hii ya pili ndiyo nzito. Mtu mzima ana gramu 3 hadi 4 tu za chuma mwilini mwake mwote. Kila siku uboho, kile kiwanda cha damu kilicho ndani ya mifupa, unahitaji miligramu 20 hadi 25 kutengeneza damu mpya, lakini chakula huingiza miligramu 1 au 2 tu. Zinazobaki zote hutokana na vyuma chakavu, kama wale wanaookota mabati ya zamani na kuyapeleka kiwandani yayeyushwe. Ukifunga mlango wa vyuma chakavu, kiwanda kinalala njaa hata stoo ikiwa imefurika.

Zaidi ya hapo, mchochota huufanya uboho uwe mzito kuitika unapoamriwa kutengeneza damu. Kwa hiyo aliyeumwa rumatoidi kwa muda mrefu anaweza kuishiwa damu bila kupoteza tone na bila kukosa maini mezani.

Hapo mtu atasema: basi vidonge vya chuma havina maana kwa wagonjwa hawa. Ningesema hivyo pia, kama si karatasi ya maabara ya shangazi.

Karatasi ilikuwa na kipimo cha feritini, yaani chuma kilicho stoo. Yake ilikuwa 46, na pembeni pamechapwa kwamba kawaida ni kuanzia 13 hadi 150. Kwenye kliniki moja alimopita waliitazama sekunde mbili: feritini nzuri, mama, chuma unacho. Alipofika kwa daktari wa pili, yeye alianza kwa kuuliza swali ambalo hakuna aliyeuliza. Viungo vinawaka kiasi gani siku hizi?

Swali lilikuwa na maana kubwa. Feritini hupanda yenyewe mwili ukiwa na mchochota, hata kama chuma hakijaongezeka. Ni kama kupima kina cha kisima wakati wa mafuriko. Kwa mtu mzima mwenye afya, feritini chini ya mikrogramu 15 kwa lita huonyesha upungufu wa chuma. Lakini mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unasema kwamba kwa mwenye maambukizi au mchochota, kikomo kipandishwe hadi 70, na madaktari wengi wa viungo hushuku upungufu hata ikifika 100. Kwa hiyo 46 ya shangazi, iliyoonekana nzuri kwenye karatasi, ilikuwa mbaya. Mlango ulikuwa umefungwa, ni kweli, lakini na stoo nayo ilikuwa inaelekea kukauka.

Nani alikuwa akiiba? Diklofenaki. Kidonge hicho cha kutuliza maumivu, hapa kwetu, unakinunua duka la dawa kama unavyonunua kiberiti. Shangazi alikimeza asubuhi na jioni kwa karibu miaka miwili, wakati mwingine akikitanguliza kabla hata ya uji. Dawa za jamii hiyo, pamoja na ibuprofeni na aspirini, hupunguza kinga ya ukuta wa tumbo. Ukuta huchubuka na kuvuja damu kidogokidogo, isiyoonekana kwa macho, na kila mililita mbili za damu huondoka na takriban miligramu moja ya chuma. Kwa mwanamke anayefyonza miligramu moja au mbili kwa siku, hasara ya damu ya kijiko kimoja cha chai inatosha kumla mtaji. Ukiongeza predinisoloni, dawa nyingine ya kutuliza mchochota, juu ya diklofenaki, kama wengi wanavyofanya ili waweze kuamka, hatari ya vidonda huongezeka.

Kwetu tusisahau na wezi wa zamani. Neno safura katika Kiswahili ni jina la ugonjwa wa kuishiwa damu na pia jina la minyoo inayouleta. Kuna kichocho kwa wanaoishi kando ya Ziwa Albert na Ziwa Victoria. Kuna hedhi nzito. Rumatoidi haimkingi mtu na lolote kati ya hayo.

Rangi ya choo pia huchanganya watu. Vidonge vya chuma hukifanya choo kiwe cheusi au kijani kibichi cha kukoza, na hilo si la kutisha. Kinachotisha ni choo cheusi kinachonata kama lami na kunuka vibaya isivyo kawaida: hiyo ni damu kutoka tumboni, na ni safari ya hospitali siku hiyohiyo. Anayemeza chuma na diklofenaki kwa pamoja anaweza kuvuja damu huku akijifariji kwamba weusi ni wa vidonge.

Tiba ya shangazi ilianza na moto wenyewe. Alianzishiwa methotrekseti, dawa ya kuituliza ile kinga iliyopotea njia, ambayo kwa ugonjwa huu humezwa mara moja kwa wiki, narudia, kwa wiki. Wapo walioimeza kila siku kwa kutosikia vizuri na ikawaua. Diklofenaki ikasimamishwa. Moto wa viungo ukipoa, hepsidini hushuka na milango hufunguka, na kuna wagonjwa ambao damu yao hupanda kwa hilo pekee. Dawa zinazoziba intalukini-6 moja kwa moja hupandisha damu upesi zaidi, ila bei yake mimi sijamsikia mtu wa Bombo akiitamka.

Chuma kilirudishwa, lakini siku moja kumeza na siku moja kupumzika. Nilidhani ni kubana matumizi. Kumbe kidonge chenyewe humwamsha mlinzi: ukimeza chuma kingi, hepsidini hupanda kwa muda wa saa 24 hivi, na kidonge cha kesho yake kinakuta mlango umebanwa. Utafiti wa Uswisi uliochapishwa mwaka 2017, uliowahusu wanawake wenye akiba ndogo ya chuma, ulionyesha kuwa waliomeza siku moja baada ya nyingine walifyonza sehemu kubwa zaidi ya kila dozi kuliko waliomeza kila siku. Kidonge cha kawaida cha miligramu 200 za feras salfeti kina miligramu 60 na ushei za chuma halisi. Kile ambacho utumbo haukukipokea ndicho lile lori lililokwama Kikuubo: tumbo kusokota, kichefuchefu, choo kigumu.

Chai na kahawa hukamata chuma tumboni kisiingie. Maziwa nayo huzuia. Chungwa au maji ya ndimu husaidia. Omeprazoli, ambayo shangazi alipewa kuponya tumbo, hupunguza ufyonzaji kwa sababu chuma kinahitaji asidi, lakini daktari alisema afadhali chuma kiingie polepole kuliko damu itoke haraka. Antibiotiki kama doksisaiklini na siprofloksasini hushikana na chuma tumboni na kupoteza nguvu, hivyo zitenganishwe kwa saa kadhaa. Na vidonge vingi vya chuma hapa Uganda vina foliki asidi, aina ya vitamini, kidogo ndani yake. Hiyo haichukui nafasi ya foliki inayoandikwa pamoja na methotrekseti, ambayo dozi yake huwa kubwa zaidi.

Malaria nayo ina neno lake hapa, maana inapandisha hepsidini kama viungo vinavyowaka. Watafiti waliowafuatilia watoto wenye malaria mjini Kampala waliona kuwa walioanza chuma siku 28 baada ya tiba walikiingiza kwenye damu vizuri zaidi kuliko walioanza papo hapo. Na huko Pemba, matokeo yaliyotolewa mwaka 2006 yalishtua dunia: watoto waliopewa chuma na foliki kila siku, mahali penye malaria nyingi, walilazwa na kufa zaidi, ikabidi sehemu hiyo ya utafiti isimamishwe kabla ya wakati. Wale walikuwa watoto wadogo, si akina mama wa miaka hamsini. Hata hivyo, homa ikikushika, kapime malaria kwanza, vidonge vya damu vitasubiri.

Kuna wanaouliza kuhusu dripu ya chuma. Huo ni mlango wa nyuma, unaoruka utumbo, na unawafaa baadhi ya watu. Lakini katika miaka ya 1980 madaktari wa Uingereza waliona wagonjwa wa rumatoidi ambao viungo vyao vililipuka upya siku chache baada ya dripu ya aina ya zamani. Siku hizi kuna dawa nyingine, na bado ni jambo la hospitali, si la kuchomwa uchochoroni.

Baada ya miezi minne damu ya shangazi ilisoma 11.2. Kwa mwanamke asiye na mimba kikomo cha chini ni 12, kwa hiyo safari bado.

Daktari alipoambiwa habari za kikombe cha kahawa, uso ulimbadilika. Vidonge vile ni vyekundu na vimepakwa sukari. Mtoto huviona peremende, na vichache tu vinaweza kumuua. Nyumba ina wajukuu wanne. Sasa vimo ndani ya kabati lenye ufunguo, katika kopo la kifuniko cha kuvuta ambalo vidole vyake vinaliweza. Humeza saa moja asubuhi kwa maji ya ndimu. Kikombe kimerudi kwenye kahawa yake ya tangawizi, saa tatu.