Visima Vilivyovuka Mto

Vijana waliomaliza shahada ya kwanza huniuliza mara kwa mara uzamili katika sayansi ya taarifa za kijiografia una faida gani, ilhali QGIS, programu ya kompyuta ya kuchora na kuchambua ramani, hupatikana bure na mtu anaweza kujifunza kuitumia akiwa nyumbani. Jibu langu huanzia kwenye kosa nililolifanya mwenyewe nikiwa mwaka wa kwanza wa masomo hayo.

Nilikuwa nimezunguka mtaa wa Mukuru jijini Nairobi kwa siku tatu na kifaa cha GPS mkononi, nikichukua viwianishi, yaani namba zinazoonyesha mahali, vya visima na vioski vya maji vilivyo kaskazini mwa Mto Ngong. Nilipoziweka nukta zangu juu ya ramani rasmi ya kipimo cha 1:50,000, visima vilivyo karibu na maji vilikuwa vimevuka mto na kutua ng'ambo ya kusini. Nililaumu kifaa, kisha nikalaumu mabati ya nyumba, na vyote viwili havikuwa na hatia. Ramani hiyo imechorwa kwa kufuata datamu (msingi ambao vipimo vya mahali huanzia) ya Arc 1960, ilhali GPS hutumia datamu ya WGS 84. Kila datamu ina umbo lake la dunia na kitovu chake, na hapa Nairobi viwianishi vya GPS vikisomwa kana kwamba ni vya Arc 1960 husogea takriban mita 300 kuelekea kusini, ambazo kwenye karatasi ya kipimo hicho ni milimita 6 tu. Kwa kuwa pande zote mbili zilitumia UTM, mfumo wa gridi unaotaja mahali kwa mita, kanda ya 37 kusini, namba zilifanana sura, na programu haikunionya hata kidogo.

Kubonyeza vitufe mtu hujifunza kwa wiki chache. Kinachochukua muda, na ndicho ninachokiona kuwa kiini cha uzamili, ni kuihoji kila data imepimwaje kabla ya kuipandanisha na nyingine. Chukua mafuriko ya mwaka 2024 katika bonde la Mto Mathare. Mwanafunzi anayetaka kukadiria nyumba zilizo hatarini hukimbilia data ya mwinuko iliyopimwa kwa rada kutoka angani Februari 2000, ambayo kila pikseli yake, yaani kila kimraba kinachoiunda, hufunika takriban mita 30 kwa 30. Katika mtaa uliosongamana, pikseli moja humeza ploti kadhaa pamoja na vichochoro vyake, na kimo inachokitoa huchanganya ardhi na mapaa. Ramani itakayotoka itapendeza machoni, lakini haiwezi kumwambia mama mwenye nyumba kando ya mto kama maji yatafika mlangoni pake. Picha za setilaiti za Sentinel-2 zenye pikseli za mita 10 zina nafuu, ila hazipimi mwinuko.

Kwa hiyo anayechagua chuo, kiwe Chuo Kikuu cha Nairobi au kile cha Jomo Kenyatta kilichoko Juja, ningemshauri aulize kwanza kuhusu jiodesia (sayansi ya kupima umbo la dunia), takwimu na siku za nyanjani, kisha ndipo aulize kuhusu kompyuta. Kituo cha kikanda cha ramani za rasilimali, RCMRD, kilichoko Kasarani, kilichoanzishwa mwaka 1975, nacho hutoa mafunzo mafupi yanayomfaa aliye kazini tayari. Visima vyangu nilivirudisha kaskazini kwa kubadilisha datamu, kazi ya dakika mbili, kisha nikarudi Mukuru kuvihesabu upya kwa miguu.