Je, wajua kwa nini sista mwenye mshahara bado anaomba nauli?

Watu wananiuliza sana hapa Dodoma, hasa wakijua huwa nawasaidia masista fulani kwenye hesabu zao: hivi yule sista si anafundisha sekondari na mshahara anapata kama walimu wenzake, sasa mbona akitaka kwenda mjini lazima aombe nauli ya daladala kwa mkuu wa nyumba?

Jibu ni kwamba ile hela si yake. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983, kanuni ya 668, inasema anachopata mtawa kwa kazi yake ni cha shirika lake la kitawa, na pensheni nayo kwa kawaida hivyohivyo, halafu kanuni ya 670 inaligeukia shirika lenyewe, limpatie mtawa kila anachohitaji kuishi wito wake. Kwa hiyo jamani hanyonywi mtu pale, ni mfuko mmoja kama wa familia.

Sasa kazi iko kwenye huo mfuko. Nyumba ninayoijua mimi ina masista saba na wenye mshahara ni wawili tu, wengine wanafundisha katekesi, wanatunza sakristia, chumba cha vifaa vya misa, mmoja analea mapostulanti, yaani mabinti wanaoanza safari ya utawa, na wawili ni wazee. Kuna bibi sista mmoja alitumika parokiani miaka na miaka kwa posho tu, hakuna aliyemkatia michango ya pensheni, leo ana presha na sukari, dawa zake anaziweka kwenye kopo la maziwa ya unga na kila Jumapili jioni anazihesabu mbele ya novisi, sista mwanafunzi ambaye bado hajaweka nadhiri, ili zikikaribia kuisha waseme mapema. Kila nikiingiza zile dawa kwenye daftari roho inaniuma, maana huyu mama kazalisha nusu ya kijiji.

Zahanati ya masista nayo watu wanadhani ni mradi wa hela. Huku Ugogoni mvua ni msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili hivi, uwele na mtama vikikauka shambani basi daftari la madeni la zahanati linanenepa, na mama akiletwa na uchungu saa nane usiku huwezi kumuuliza hela kwanza. Mishahara ya wahudumu lakini haisubiri mvua.

Halafu kuna ardhi, tangu serikali ilipoanza kuhamia huku kweli mwaka 2016 viwanja vimepanda bei vibaya, na eneo ambalo wazee wa kijiji walilitoa kwa mdomo zamani leo linadaiwa hati, yenye jina la Wadhamini Waliosajiliwa, yaani wanaoshika mali kisheria kwa niaba ya taasisi, lakini wa shirika au wa jimbo la askofu? Kanuni ya 681 inataka askofu na shirika waandikiane mkataba kwa kazi anazowakabidhi, ila mimi nimekuta faili lina picha ya uzinduzi tu, mkataba hamna.

Na anayebeba yote haya ni mweka hazina, ambaye kwa kanuni ya 636 hatakiwi kuwa mama mkuu mwenyewe. Hapa kwetu ni nesi, anatoka zamu ya usiku anakuja kukaa na risiti mezani macho mekundu. Mwaka huu wamempeleka sista mdogo kusoma uhasibu, na ada yake inatoka kwenye mfuko uleule.