Kopo la Plastiki Bado Linateleza? Umewahisha Maji

Kazi yangu ni kutengeneza sabuni za kuoshea vyombo, na malalamiko ninayoyasikia kuliko yote hayahusu sufuria iliyoungua. Yanahusu kopo la plastiki: nimeliosha mara tatu, povu limejaa sinki, nikipitisha kidole bado linateleza. Watu huishia kusema sabuni imechakachuliwa. Nami nilisema hivyohivyo kabla sijaingia kwenye kazi hii. Siku hizi nikisimama pembeni ya mtu anayeosha, naliona kosa kabla hajashika hata sponji: amefungulia bomba kwanza.

Tuanze na plastiki yenyewe. Makopo mengi ya kuhifadhia chakula ni ya polipropilini (ligeuze, utaona tarakimu 5 ndani ya pembetatu) au polithini, ambayo hubeba 2 au 4. Molekuli zake ni minyororo mirefu ya kaboni na haidrojeni. Mafuta ya kupikia nayo, sehemu yake kubwa ni minyororo ya kaboni na haidrojeni. Hawa ni ndugu, na maji ndiye mgeni. Dondoshea tone la maji kwenye glasi safi, litatandaa. Dondoshea jingine kwenye kopo lako, litajikusanya kama shanga. Ndiyo maana mafuta yaleyale yanabanduka upesi kwenye glasi: maji hupenya chini yake na kuyanyanyua. Kwenye plastiki hayapati pa kupenyea.

Hapo ndipo sabuni inapohitajika. Molekuli yake ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta. Mikia hujichomeka kwenye mafuta, vichwa vikabaki vimeelekea nje, na chembe ya mafuta iliyozingirwa hivyo huelea na kuondoka na maji. Lakini lazima sabuni iwepo ya kutosha palepale penye mafuta. Ukijaza kopo maji kisha ukatia matone mawili, umeizimua kabla haijaanza kazi. Povu lisikudanganye. Sisi watengenezaji tunaliongeza kwa sababu wateja wanalipenda. Kopo linaweza kutakata bila povu la maana.

Kwa hiyo mimi huanza kopo likiwa kavu. Nafuta mafuta kwa karatasi ya jikoni au kitambaa chakavu, hata kama yanaonekana kidogo, maana kila inachobeba karatasi ni mzigo ambao sabuni haitaubeba, na bomba la maji machafu halitaziba. Kisha namimina sabuni ya maji, kama nusu kijiko cha chai, juu ya plastiki kavu na kuipakaza kwa sponji laini hadi kwenye pembe na mtaro wa kifuniko. Kama kifuniko kina mpira, nautoa. Chini yake ndiko mafuta ya wiki iliyopita yanakojificha. Naacha dakika 5 hadi 10 nikifanya mengine. Maji yanakuja mwisho, nayo ya moto kiasi mkono unavyovumilia. Siagi huyeyuka kwenye nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi, na mafuta ya ng'ombe hutaka zaidi ya 40, hivyo ukisuuza kwa maji baridi unayagandisha upya ukutani.

Maji yanayochemka sikushauri. Polipropilini yenyewe huyeyuka karibu na nyuzi 160, lakini chombo chenye tarakimu 1 huanza kulegea na kujikunja kwenye nyuzi 70 hivi, na wengi hawaangalii chini kabla ya kumimina.

Kopo refu lisiloingia mkono, tia maji ya moto robo, sabuni kidogo na vipande vya karatasi ya jikoni, funika, tikisa dakika moja. Karatasi husugua na kunyonya kwa pamoja. Ila ukishafunika, inua ukingo wa kifuniko kidogo hewa itoke kabla ya kutikisa. Hewa iliyopata joto hutanuka, na mimi nimewahi kujimwagia mchanganyiko huo kifuani mbele ya wageni.

Ukifuata yote haya na bado kuna kitu, huenda si mafuta tena. Ule mnato wa kahawia unaopatikana nje ya makopo yanayokaa karibu na jiko ni mafuta yaliyokutana na oksijeni na joto kwa muda mrefu, molekuli zake zikashikana. Ni jambo lilelile linalokausha rangi za mafuta za wachoraji. Hapo sabuni peke yake inachoka. Pakaza mafuta mapya ya kupikia, subiri yaulainishe, ufute, halafu sugua kwa uji mzito wa soda ya kuokea na maji kabla ya kuosha kama kawaida. Usichanganye soda hiyo na siki. Vinachemka kwa mbwembwe, kisha vinauana. Kinachobaki ni maji yenye chumvi isiyong'oa kitu.

Siki ina kazi yake nyingine. Ukitumia sabuni ya kipande na maji ya chumvichumvi, kalsiamu iliyomo hushikana na sabuni na kuacha utando mweupe unaofanana kabisa na mafuta. Kuongeza sabuni ni kuongeza utando. Suuza kwa siki iliyozimuliwa, kisha maji.

Rangi ya nyanya na manjano ni suala jingine. Huyeyuka kwenye mafuta, na joto la maikrowevu huziingiza ndani ya plastiki, kwa hiyo kusugua hakuzifikii. Osha, kisha acha kopo wazi juani siku moja au mbili. Mwanga huvunja rangi hizo, na ya manjano hupauka upesi zaidi.

Waya wa kusugulia sufuria uweke mbali kabisa na plastiki. Unachora mifereji midogo ambamo mafuta na bakteria hujibanza, na kila kuosha kunakuwa kugumu kuliko kulikotangulia. Kopo langu lililofikia hali hiyo nililishusha cheo. Sasa linatunza misumari.