Je, wajua kwa nini saini milioni 1.6 hazikutosha kubadili Katiba ya Kenya?

Mwishoni mwa 2015 muungano wa upinzani wa CORD, chini ya Raila Odinga, uliipelekea IEBC, tume ya uchaguzi ya Kenya, marundo ya karatasi yenye saini karibu milioni 1.6. Ulitaka Katiba ibadilishwe kupitia mswada wa Okoa Kenya, na kiwango kinachotakiwa ni milioni moja tu. Machi 2016 tume ikatangaza kuwa zilizokubalika ni 891,598. Mswada ukafia hapo.

Kifungu cha 257 cha Katiba hakihesabu saini ya kila raia. Kinataka za wapiga kura waliosajiliwa. Ukiwa mtu mzima mwenye kitambulisho lakini jina lako halimo katika daftari la wapiga kura, umepoteza wino. Hukatwa pia aliyetia saini mara mbili, sokoni asubuhi na stendi jioni, pamoja na nambari ya kitambulisho iliyokosewa na mstari wenye jina bila saini. Ndiyo maana wakusanyaji wazoefu hutafuta ziada kubwa.

Cha kushangaza, tume yenyewe haina saini yako ya kulinganishia. Ukijiandikisha kupiga kura Kenya huchukuliwa alama za vidole na picha. Huko California, Marekani, saini ya ombi hulinganishwa na ile iliyo kwenye kumbukumbu za usajili wa mpiga kura. Kenya, tume inaweza kujua kwamba upo. Kwamba ni wewe uliyeshika kalamu, hilo ni gumu. Januari 2021, wakati wa BBI, mpango wa kubadili Katiba uliosukumwa na Rais Uhuru Kenyatta pamoja na Odinga, tume iliweka orodha ya waliounga mkono kwenye tovuti ili watu wajitafute, na wapo waliojikuta humo bila kutia saini popote. Kwangu mimi, kumwachia mwananchi kazi ya kujikagua baada ya jina lake kutumika ni kinga dhaifu mno.

Milioni ikitimia, mswada huenda katika mabunge ya kaunti 47, na angalau 24 yanapaswa kuupitisha ndani ya miezi mitatu. Punguza Mizigo, mswada wa mwanasiasa Ekuru Aukot, ilivuka kizingiti cha saini mwaka 2019, ikaangushwa na kaunti.

BBI ilivuka vyote viwili. Iliyoikwamisha ni mahakama: Machi 31, 2022 Mahakama ya Juu iliamua kwamba Rais hawezi kuanzisha mabadiliko kwa njia hii, kwa kuwa imewekwa kwa ajili ya wananchi.